Kazi za watunzi wa kale zilizopotea na kupatikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha kwaya. Kila ninapoleta mazoezini wimbo wa Ulaya wa karne ya 18, hakosi mtu wa kuuliza: mwalimu, tunajuaje kweli huu ni wa Vivaldi? Au mtu amesikia redioni kwamba kazi mpya ya Bach imepatikana na anashangaa inapatikanaje leo, Bach akiwa amefariki mwaka 1750. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu kadiri ninavyoyajua.

Kazi "iliyopotea" ni ipi hasa? Iliungua, ililiwa na mchwa, au vipi?

Zipo zilizoungua na zilizoliwa, na hizo hatutazisikia tena. Lakini nyingi ya zile zinazotangazwa kuwa "zimepatikana" hazikuwa zimeangamia. Zilikuwa rafuni, zina namba ya maktaba, ila hakuna aliyejua ni za nani, au zilikuwa na jina la mtu mwingine. Karne ya 18 sehemu kubwa ya muziki haikuchapwa. Mtunzi aliandika kwa mkono, mnakili akatoa sauti moja moja kwa ajili ya wapigaji na waimbaji, sikukuu ikapita, karatasi zikafungwa kwa kamba zikatiwa kabatini. Mwaka uliofuata watu walitaka muziki mwingine.

Anayeimba kwaya anaielewa hali hii bila kuelezwa. Ninayo fotokopi ya wimbo wa Pasaka iliyotolewa kwenye fotokopi ya fotokopi. Kona ya juu kulia, pale jina la mtunzi linapokaa, pamebaki herufi mbili na doa jeusi la mashine. Kwaya tatu zimenitajia watunzi watatu tofauti, kila moja ikiwa na hakika. Wimbo wenyewe haujapotea, tunauimba kila mwaka. Aliyepotea ni mtunzi.

Ni hazina gani kubwa iliyowahi kupatikana?

Kwangu mimi ni ile ya Vivaldi. Alifariki Vienna mwaka 1741, na kwa muda mrefu waliomjua walimjua kwa yale machache yaliyochapwa alipokuwa hai. Mwaka 1926 shule ya bweni ya mapadre Wasalesiani huko Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia, ilihitaji fedha za ukarabati. Mkuu wa shule akaamua kuuza vitabu vya zamani vilivyokuwa stoo, na kabla ya kuuza akaomba Maktaba ya Taifa ya Torino ivithamini. Kazi hiyo ilimfikia Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki katika chuo kikuu cha mji huo. Alipofungua, alikuta majuzuu 14 ya muziki wa Vivaldi, sehemu kubwa kwa mkono wa Vivaldi mwenyewe.

Maktaba haikuwa na fedha za kuyanunua. Akapatikana dalali wa hisa aliyeitwa Roberto Foà, ambaye alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo, Mauro. Alinunua mkusanyiko wote akaukabidhi kwa maktaba kwa kumbukumbu ya mtoto. Gentili alipoyachunguza majuzuu kwa makini aliona kwamba hayajakamilika, ni nusu tu ya mkusanyiko uliogawanywa kati ya warithi wa ukoo mmoja. Nusu ya pili ilifuatiliwa hadi Genoa, na mwaka 1930 ikanunuliwa na Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha sufu, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto, Renzo. Ndiyo maana hadi leo, ukitafuta muswada wa Vivaldi huko Torino, unaomba kwa majina ya watoto wawili: Mauro Foà na Renzo Giordano. Yote pamoja ni majuzuu 27, kazi zipatazo 450.

Gentili alikuwa Myahudi. Sheria za kibaguzi za mwaka 1938 zikamnyang'anya kazi ya chuo, na Vivaldi alipoanza kupigwa tena kwa shangwe huko Siena mwaka 1939, aliyemtoa gizani hakuwa na nafasi pale. Kila tunapoimba ile Gloria, nawaambia waimbaji wangu jina lake.

Kama kazi haipo, mtu anajuaje kwamba imepotea?

Kwa sababu mara nyingine orodha imebaki na kazi yenyewe imekwenda. Joseph Haydn aliweka daftari la kazi zake tangu miaka ya 1760. Hakuandika majina tu. Kwa kila kazi aliandika vipimo viwili vitatu vya mwanzo, yaani nota za kuanzia, maana kazi ishirini zinaweza kuitwa "sonata" lakini mwanzo wa kila moja ni wa kwake. Washairi wetu wa tenzi walikuwa na njia yao, kulitia jina la mtunzi ndani ya beti za mwisho ili mnakili asiliangushe. Haydn alilinda mwanzo.

Katika daftari hilo kulikuwa na mwanzo wa koncheto (utunzi ambao chombo kimoja kinaongoza okestra) ya chelo katika ufunguo wa C ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mwaka 1961 Oldřich Pulkert, akifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Taifa huko Prague, alikuta sauti zake zilizonakiliwa, zimetoka katika kasri la Radenín. Nota zikafanana na za daftari. Mei 1962 Miloš Sádlo akaipiga mbele ya watu, na leo ni vigumu kumpata mpiga chelo ambaye hajaisoma. Ukitaka kuonja mambo haya kwa sikio, anza na sehemu ya mwisho ya koncheto hiyo, pale chelo inapokimbia kama mtoto aliyeachiwa kutoka shule.

Sasa kama vipimo vya mwanzo vinajulikana, si mtu anaweza kujitungia vilivyobaki?

Swali hili aliniuliza kijana wa sauti ya nne, na ndilo zito kuliko yote. Ndiyo, anaweza, na ilitokea kwa daftari hilohilo la Haydn.

Mle ndani kuna mianzo ya sonata kadhaa za kinanda zilizopotea. Mwaka 1993 mwalimu wa filimbi wa huko Münster, Ujerumani, aitwaye Winfried Michel, alitoa nakala za sonata sita, akieleza kwamba zimetoka kwa bibi mmoja mzee. Kila sonata ilianza sawasawa na daftari. Zikamfikia mpiga piano Paul Badura-Skoda na mkewe Eva, mtaalamu wa historia ya muziki, wakaridhika. H. C. Robbins Landon, mtu aliyemtumikia Haydn maisha yake yote, akaridhika pia, na Desemba mwaka huo akazitangaza London mbele ya waandishi wa habari.

Furaha ilidumu wiki chache. Taasisi ya Haydn ya Köln ilizichunguza ikahitimisha kwamba ni za kughushi, zimetengenezwa katika zama zetu. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji aangalie kwa karibu: kilichokuwa mikononi mwa wakubwa wale kilikuwa fotokopi. Karatasi asili hakuna aliyeipewa. Fotokopi haina wino wa kuchunguza wala alama ya kiwanda cha karatasi, na ukiipindua haina upande wa nyuma. Daftari la Haydn lilikuwa la kweli, vipimo vya mwanzo vilikuwa vya kweli, na aliyetunga vilivyofuata aliifahamu lugha ya Haydn vizuri sana. Michel kweli alikuwa na kipaji. Lakini orodha ileile iliyothibitisha koncheto ya chelo ndiyo iliyomwonyesha mghushi mahali pa kuanzia.

Siwadharau waliodanganyika. Mtu aliyeishi na kazi za Haydn miaka arobaini, akijua kuna sonata ambazo hatazisikia kamwe, akiletewa hizo sonata mlangoni, moyo unamtangulia.

Basi wataalamu wanakagua nini?

Karatasi kwanza. Karatasi za zamani zilitengenezwa moja moja kwa mkono, na viwanda viliacha alama yao ndani, unaiona ukiinua karatasi mbele ya mwanga. Alama hizo zimeorodheshwa, kwa hiyo zinaweza kutaja mji na hata miaka. Halafu wino, halafu mistari ilivyochorwa, halafu mwandiko. Halafu safari ya karatasi yenyewe: ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani. Sikio linakuja mwisho, ingawa wengi wetu tungependa lianze.

Kuhusu mwandiko, tukio la Novemba 2025 linaeleza vizuri kuliko maneno yangu. Mwaka 1992 Peter Wollny, mtafiti wa Kijerumani, alikuta katika Maktaba ya Kifalme ya Brussels chakona mbili za kinanda cha kanisani. Chakona ni utunzi ambao besi ileile inarudiwa tena na tena, na sauti za juu zinabadilika juu yake. Hazikuwa na jina wala tarehe. Wollny alishuku ni za Bach. Angeweza kusema siku ileile, akaandikwa magazetini. Hakusema. Alitafuta kwanza aliyezinakili, maana mwandiko haukuwa wa Bach, na kumpata kulichukua zaidi ya miaka 30. Hatimaye zilipatikana karatasi nyingine za mkono huohuo zenye jina: Salomon Günther John, aliyekuwa mwanafunzi wa Bach huko Arnstadt. Nakala ikapangiwa mwaka wa 1705 hivi, Bach akiwa kijana wa miaka 20. Hapo ndipo mtindo wa utunzi ukapewa nafasi ya kusema. Ton Koopman, mpiga kinanda wa Uholanzi, akazipiga katika kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig, lilipo kaburi la Bach, na sasa zina namba katika orodha yake: BWV 1178 na 1179.

Miaka thelathini na kitu ya kunyamaza na jambo kubwa moyoni. Namheshimu mtu huyo sana.

Jina likiwa limeandikwa juu ya karatasi, si ushahidi tosha?

Hapana. Mwaka 2024 Robinson McClellan alikuta katika Maktaba ya Morgan, New York, kijikaratasi cha sentimita kama 10 kwa 13 chenye waltzi fupi ya piano, na juu yake limeandikwa "Chopin". Jina hilo hata halikuandikwa na Chopin, ni mwandiko wa mtu mwingine. Kilichowashawishi wataalamu ni nota zenyewe: karatasi na wino vinalingana na miaka ya 1830, herufi ni ndogo kama alivyozoea, na alama ya ufunguo wa besi imechorwa kwa umbo lake la pekee. Jina linaweza kuongezwa na yeyote wakati wowote, lakini namna mkono unavyochora alama ambayo mtu ameichora mara elfu kumi ni vigumu kuiiga.

Na jina linaweza kuwa uongo tangu mwanzo. Miaka ya 1750 kasri la Dresden liliagiza muziki wa kanisa kutoka kwa Iseppo Baldan, mnakili wa Venezia. Wateja walimtaka Galuppi, ndiye aliyekuwa akivuma. Baldan alikuwa na kazi za Vivaldi, marehemu wa miaka kumi na zaidi ambaye hakuna aliyemwulizia tena. Akaandika juu yake "Galuppi" akauza. Zaburi hizo zilikaa Dresden kwa jina la uongo miaka 250, hadi Janice Stockigt, mtafiti kutoka Australia, alipoitambua Nisi Dominus mwaka 2003 na Dixit Dominus mwaka 2005. Hazikuwa zimefichwa. Zilikuwa kwenye orodha ya maktaba, yeyote angeweza kuziomba.

Ile Adagio ya Albinoni inayopigwa msibani, ni ya Albinoni kweli?

Kwa ushahidi uliopo, ni ya Remo Giazotto, Mwitaliano aliyeichapisha mwaka 1958. Alieleza kwamba aliijenga juu ya kipande cha Albinoni kutoka maktaba ya Dresden, mji ulioteketea kwa mabomu Februari 1945: besi na vipimo vichache vya fidla. Maktaba hiyo haikitambui kipande hicho. Naona vyema tuseme "Adagio ya Giazotto" bila kuona haya. Imewafuta watu machozi kwa miongo mingi, basi ashukuriwe aliyeitunga.

Kwa nini mtu mwenye kipaji ampe sifa marehemu?

Fritz Kreisler, mpiga fidla mashuhuri, alitangaza mwaka 1935 kwamba vipande alivyokuwa akivipiga kwa majina ya watunzi wa kale, Pugnani, Francoeur, Couperin na wengine, alivitunga mwenyewe. Alihitaji nyimbo za kujazia programu na aliona si adabu kurudia jina lake karatasi nzima. Marius Casadesus wa Ufaransa alitoa koncheto ya fidla iitwayo "Adélaïde" akisema ni ya Mozart alipokuwa mtoto wa miaka 10. Mpiga fidla Yehudi Menuhin akairekodi mwaka 1934. Casadesus alikiri ni yake mwaka 1977, pale suala la haki za mtunzi lilipofika mahakamani.

Naona tofauti kati ya hawa wawili. Kreisler aliazima majina ambayo wengi hawakuyajali, na alisema mwenyewe. Casadesus aliwafanya wanafunzi wajifunze uongo kuhusu utoto wa Mozart kwa zaidi ya miaka 40.

Binti yangu anajifunza piano. Ile minueti ya Bach katika G...

Ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Anna Magdalena, mke wa Bach, aliinakili katika daftari lake la mwaka 1725 bila kuandika jina la mtunzi, na wachapaji wa baadaye wakadhani kila kilichomo ni cha mumewe. Mwambie binti aandike "Petzold" kwa penseli juu ya karatasi.

Na Tokata na Fuga katika D ndogo, ile ya kutisha ya kwenye sinema?

Iko katika orodha ya Bach kama BWV 565, na wengi bado wanaamini ni yake. Shaka ipo kwa sababu nakala ya mkono wake haipo. Chanzo kikuu ni nakala ya Johannes Ringk, na mtafiti Peter Williams alionyesha mwaka 1981 kwamba ina mambo ambayo Bach hakuyafanya kwingine katika kinanda. Mimi huiandika "Bach" kwenye programu, na nikiulizwa naeleza shaka yenyewe.

Mwaka 2024 ilitangazwa kazi mpya ya Mozart. Niamini?

Ile iliyopatikana Leipzig, naam, kwa tahadhari ya kawaida. Ni vipande saba vifupi vya fidla mbili na besi, dakika 12 hivi, na sasa ni KV 648 katika toleo jipya la Köchel, orodha ya kazi za Mozart, lililotoka mwaka huohuo. Karatasi si ya mkono wake, ni nakala ya mwaka 1780 hivi. Jina limeandikwa "Wolfgang Mozart" tu, bila lile jina la kati alilokuja kulitumia baadaye, na hilo linaipeleka kazi kwenye utoto wake, miaka ya 1760.

Linganisha na simfonia ya A ndogo iliyopatikana Odense, Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ile nayo mwanzo wake ulikuwa ukijulikana, ikapigwa kwa fahari mwaka 1984 kama ya Mozart. Karatasi ni ya kale, hakuna aliyeghushi. Lakini mwanzo uliokuwa ukijulikana ulitoka katika orodha ya wachapaji, Breitkopf & Härtel. Haydn aliandika daftari lake mwenyewe, akijua alichotunga. Mfanyabiashara aliandika kile alichoambiwa na aliyemuuzia. Ukisikia kwamba kazi mpya "inalingana na orodha", uliza orodha hiyo ni ya nani. Leo wataalamu wengi hawaikubali simfonia ya Odense kuwa ya Mozart.

Ikishajulikana si ya mkubwa fulani, muziki wenyewe unashuka thamani?

Kwenye mnada, sana. Masikioni, sioni kwa nini. Stravinsky alijenga baleti yake Pulcinella ya mwaka 1920 juu ya nyimbo alizoamini ni za Pergolesi, kijana aliyefariki mwaka 1736 akiwa na miaka 26, ambaye wachapaji walimbandikia kila kitu baada ya kifo. Baadhi ni za Domenico Gallo, na moja ilitoka katika koncheto sita ambazo Albert Dunning, karibu mwaka 1980, alithibitisha katika kasri la Twickel, Uholanzi, kuwa za kabaila Unico Wilhelm van Wassenaer. Alizitoa mwaka 1740 akalificha jina lake mwenyewe. Uzuri haukupungua hata nota moja, na tukampata mtu mmoja zaidi aliyejua kutunga.

Kinachoniuma ni upande wa pili. Kila tunapomwongezea Bach au Mozart kitu kisicho chake, kuna Petzold tunayemnyang'anya, na huyo alikuwa na vichache vya kunyang'anywa.

Nina karatasi za muziki za zamani nyumbani, au parokiani. Nifanyeje?

Usizitenganishe wala kuzipanga upya, hata kama mpangilio hauna maana kwako. Gentili aligundua nusu iliyokosekana kwa kutazama jinsi majuzuu yalivyofuatana. Usipige stepla, usibandike selotepu, usizitie plastiki ya moto. Ondoa vibanio vyenye kutu taratibu. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na mihuri, majina ya wenyewe, hata hesabu za fedha zilizoandikwa pembeni. Andika zilitoka kwa nani na lini.

Kisha tafuta RISM, orodha ya kimataifa ya vyanzo vya muziki iliyoanzishwa mwaka 1952. Iko kwenye intaneti bure, na unaweza kuandika nota za mwanzo tu, kama Haydn kwenye daftari lake, ikakuonyesha miswada inayoanza hivyo na maktaba zilipo.

Nimeitafuta mle Pasaka yangu yenye herufi mbili, nikijua wazi kwamba wimbo wa kwetu hauwezi kuwamo. Sasa nawapitia walimu wa kwaya waliostaafu, mmoja mmoja, na fotokopi mkononi. Wa mwisho aliishika karibu na dirisha, akaimba sauti ya pili yote bila kukosea, akasema aliipokea mwaka 1978 kutoka kwa mwalimu mwingine, ambaye bado yu hai. Nitakwenda kumwona baada ya mavuno. Kwa sasa, kwenye nakala mpya za kwaya, mahali pa jina nimeandika kwa kalamu: mtunzi bado anatafutwa.